Kodi Nafuu ya Mji Mdogo: Nafuu kwa Nani?

Anayelemewa na kodi ya nyumba katika jiji kubwa haishi kupewa ushauri uleule: hamia mji mdogo. Ushauri huo una ukweli ndani yake. Viwanja ni vya bei ya chini, wanaogombania nyumba ni wachache, na kwa kodi ya chumba kimoja cha jijini mtu anaweza kupata fleti ya vyumba viwili. Lakini ukienda kutafuta kwa miguu yako unakutana na jambo ambalo ushauri haukulitaja. Kodi ni ndogo kweli, ila nyumba yenyewe haionekani.

Tupige hesabu. Tuseme mji una nyumba 200 za kupanga, na katika kila 100 ziko wazi 5. Hizo ni nyumba 10 mji mzima. Ondoa zisizotosha familia yako, ondoa iliyo mbali na kila kitu, ondoa yenye paa linalovuja. Zinabaki mbili au tatu, na wenzako wanaozitafuta ni zaidi ya hapo. Jiji lenye nyumba 100,000 za kupanga, kwa kiwango hichohicho, lina nyumba 5,000 zilizo wazi. Anayetafuta jijini anabanwa na bei, lakini angalau ana pa kuchagua.

Kwa nini basi hazijengwi? Hapa ndipo kwenye fundo, na naona halizungumzwi vya kutosha. Saruji, nondo na vioo havishuki bei kwa sababu mji ni mdogo. Mara nyingi vinapanda, maana vinasafirishwa kutoka mbali. Mwenye mtaji akilinganisha gharama ya jengo la fleti na kodi atakayokusanya, anaona miaka mingi itapita kabla fedha yake haijarudi, na benki inaona hivyohivyo. Kwa hiyo kodi ndogo inayomvutia mpangaji ndiyo inayomkimbiza mjenzi. Kinachojengwa ni nyumba za familia za kukaa wenyewe. Kikifunguliwa chuo au kiwanda, au wakihamia watu wanaofanya kazi kwa intaneti, zile chache zilizopo zinaisha katika msimu mmoja. Penye watalii hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa mwenye nyumba anaweza kukodisha kwa usiku kupitia mtandao kama Airbnb na kupata kwa siku chache kile ambacho mpangaji angelipa kwa mwezi.

Wanaoutetea mji mdogo wana hoja nzito, na mimi naikubali. Mwenye nyumba wa huko mara nyingi ana nyumba moja au mbili tu. Nyumba ikikaa mwezi mmoja bila mpangaji, anapoteza sehemu moja ya kumi na mbili ya kodi ya mwaka ya nyumba hiyo, kwa hiyo anamthamini mtu atakayedumu kuliko atakayelipa zaidi kidogo. Mpangaji aliye tayari kusaini mkataba wa miaka miwili ana silaha ambayo jijini haina makali. Anaweza kuomba apunguziwe amana, au nyumba irekebishwe kabla hajaingia, na akasikilizwa.

Lakini katika mji mdogo watu wanajuana, na kujuana huko kuna upande unaoniuma. Nyumba nyingi nzuri hazitangazwi. Zinapita kwa mdomo, kutoka kwa anayehama kwenda kwa binamu yake au mfanyakazi mwenzake. Mwenyeji analiita hilo uaminifu. Mgeni asiyejulikana, au mama anayelea watoto peke yake, anaambiwa tu kwamba imeshachukuliwa. Akipata, akalalamikia bomba bovu, anajua wenye nyumba wengine watasikia. Anavumilia, na uvumilivu huo hauandikwi popote kwenye hesabu ya unafuu.

Hesabu yenyewe nayo hukosewa. Marekani, marekebisho ya sheria ya mwaka 1969 yaliyobeba jina la seneta Edward Brooke yaliweka kodi ya nyumba za umma isizidi asilimia 25 ya kipato. Mwaka 1981 kiwango kikapandishwa hadi 30. Kipimo hicho kimeenea, ila kinapima kodi peke yake. Center for Neighborhood Technology, taasisi ya Chicago, hujumlisha nyumba na usafiri, na huweka kikomo cha asilimia 45 kwa vyote viwili. Kwa mtu wa mji mdogo hicho ndicho kipimo cha kweli. Mwenye kulipa 40 ya kila 100 kwa kodi ya jijini na 5 kwa nauli anatumia 45. Akihamia mji mdogo, kodi ikawa 25 lakini gari na mafuta ya kwenda kazini yakala 25, amefika 50, na saa zake mbili za kila siku ziko barabarani.

Kwa hiyo mwenye kazi ndani ya mji ule ningemwambia aende, tena apange kwanza chumba cha muda mfupi ili ajulikane, aulizie nyumba shuleni na hospitalini, kisha adai mkataba wa maandishi hata kama mwenye nyumba ni mpole. Ambaye kazi yake imebaki jijini ningemsihi ajumlishe kodi na nauli kabla hajafunga mizigo.

Halmashauri nazo zina njia ya karibu kuliko kumngojea mjenzi mkubwa: kuruhusu nyumba za familia ambazo watoto wameshahama zigawanywe ziwe makazi mawili. Mzee anapata kodi, mwalimu mgeni anapata mlango wake. Majirani wanahofia maji, majitaka na maegesho, na hofu hiyo ni halali. Mhandisi akague mtaa kwa mtaa na kusema bomba la wapi linahimili kaya ngapi. Palipo na nafasi, kibali kitolewe.