Mstari Mmoja wa Claude Mellan: Mbwembwe za Fundi au Ibada?

Mwaka 1649, Mfaransa Claude Mellan, mzaliwa wa Abbeville aliyepata kusomea sanaa Roma, alitoa chapa, yaani picha iliyochongwa kwenye bamba la shaba na kupigwa karatasini, ya uso wa Yesu kama ulivyobaki kwa muujiza kwenye kitambaa cha Veronika, mwanamke anayesimuliwa kumpangusa uso akiwa njiani kusulubiwa. Wafuasi wa Njia ya Msalaba, ibada ya Kikatoliki ya kuyatafakari mateso ya Yesu kituo kwa kituo, wanakijua kisa hiki katika kituo cha sita, ingawa hakimo katika Injili hata moja. Ubishi umezuka juu ya namna alivyochonga, kwa sababu uso, taji la miiba na matone ya damu vyote ni mstari mmoja unaoanzia ncha ya pua na kuzunguka kuelekea nje, kama kawa inavyosukwa kuanzia kileleni.

Wapo wanaoiita chapa hii kiinimacho, na hoja yao ina uzito: mtazamaji akishaambiwa siri huacha kuyatazama mateso, akabaki kuufuatilia mstari. Isitoshe, chini ya kitambaa yameandikwa maneno ya Kilatini NON ALTER, yaani “si mwingine”, ambayo ni rahisi kuyasoma kama majigambo ya fundi.

Hata hivyo, nadhani wanaolalamika hivyo hawajalisogelea bamba la shaba. Wachongaji wengi wa enzi ya Baroko, mtindo wa sanaa uliotawala Ulaya karne ile, walipata kivuli kwa kukatisha mistari juu ya mistari, ilhali Mellan hapa hakukatisha hata mmoja. Alipoikandamiza zaidi burini, ile kalamu ya chuma ya kuchongea, mfuo ulipanuka, ukabeba wino mwingi na kutoa weusi. Alipolegeza mkono, mstari ulikonda na mwanga ukaingia. Ukiishika lenzi na kuufuata mzunguko mmoja tu, utauona ukinenepa kwenye kivuli cha jicho, ukikonda shavuni, ukinenepa tena kidogo penye tone la damu, kisha ukiendelea zake hadi kwenye kitambaa. Tone lile halikuchorwa pembeni likabandikwa. Ni uzito wa mkono uliobadilika njiani.

Kuna na jambo ambalo wakosoaji hulipita haraka mno. Kwa mujibu wa masimulizi, sura ile haikuchorwa na mtu, bali ilibaki kwenye kitambaa kwa kugusana na uso. Chapa nayo huzaliwa hivyo: karatasi yenye unyevu hugandamizwa juu ya shaba, na inapobanduliwa imeshaichukua sura. Mchoraji wa rangi angelazimika kuuigiza muujiza huo, lakini mchapaji huurudia kwa kila nakala. Maandishi mengine yaliyomo, FORMATUR UNICUS UNA, “wa pekee huumbwa kwa mmoja”, yanazidi kuibana maana, kwa kuwa “mmoja” huyo katika Kilatini ni wa jinsia ya kike, akaweza kuwa mstari na akaweza pia kuwa Bikira Maria.

NON ALTER siwezi kuitakasa yote. Mtu anayetamka “si mwingine” juu ya kitu alichokusudia kukitoa nakala kwa nakala hawezi kukosa chembe ya majivuno, hata kama aliyemtaja kwanza ni Kristo.