Mbuzi ya Nazi Imehamia Kwenye Noah

Leo nimekula wali mweupe. Nikauliza nazi vipi, nikajibiwa nazi zipo ila mbuzi iko kwenye gari lako baba Neema, kaichukue. Sikwenda. Mi ni baba wa nyumba, siwezi kuonekana usiku natoka kwenye gari na mbuzi ya nazi kwapani.

Noah yangu ni ile ya kizamani, ya 1998, injini iko chini ya viti vya mbele, foleni ikikolea unashuka umeiva kama chapati. Barabara ya kwetu mnaijua, mashimo matupu. Ekzosi nimeichomelea mara 3, ya nne nikasema basi, naweka spesa za inchi 2, vile vipande vya kuinyanyua gari, na naweka mwenyewe, maana fundi aliponitajia hela ya ufundi nilimuuliza kama na gari anabaki nayo.

Kwenye video jamaa anamaliza kwa dakika 12, mi nilianza saa 2 asubuhi adhana ya magharibi ikanikuta uvunguni. Nyuma haina shida, unafungua shokapu kwa chini, ekseli inashuka, springi unaitoa kwa mkono. Mbele ndo kuna wenyewe. Pale juu ya shokapu kuna nati 3 za pembeni na moja kubwa katikati, mi nikaona hii kubwa ndo bosi wao, nikaanza nayo, jirani akapiga ukunga toka kibarazani, "Weee! Hiyo ndo imeishika springi, itakung'oa kichwa!" Kweli bwana. Kaniokoa, ila tangu siku hiyo sijawahi kwenda mjini bila yeye. Halafu ukishaweka spesa ule mguu wa shokapu unarefuka, matundu ya chini hayakutani, ikabidi nichomeke bomba juu ya wishboni, ule mkono wa chini unaoshika tairi, Neema na mdogo wake wakalikalia kama bembea ndo bolti ikapita.

Ilipotua chini nikarudi nyuma hatua kumi nikaiangalia. Aisee. Usukani ukienda moja kwa moja wenyewe unaangalia Bagamoyo, na taa usiku zinamulika juu ya miti, lakini gari imesimama.

Sasa Alhamisi mama mkwe kaja toka Muheza. Nikaenda kumpokea stendi ya Mbezi, shati nimepiga pasi, shikamoo mama, marahaba baba, habari za huko, nzuri, kiroba chake cha machungwa nikapakia mwenyewe. Nikavuta mlango wa pembeni, karibu mama. Mama akaangalia kile kikanyagio. Akaniangalia mimi. Akainua mguu, ukafika nusu njia, ukarudi. Akakusanya baibui, akainua mwingine, nao ukarudi. Nyuma yangu mwenye Coaster anapiga honi kama kaambiwa kuna zawadi. Mpiga debe mmoja akasogea, "Bro, si umsukume maza kidogo kwa nyuma?" Nikamwambia kwa sauti ya chini, huyu ni mkwe. Jamaa akarudi nyuma kama kaona nyoka. "Oyaaa, ni mkwe wake!" Hapo stendi nzima ikajua. Wakaja kumi, kila mmoja na wazo lake na hakuna wa kunyoosha mkono, mmoja anasema niingie ndani nimvute, mwenzake anamwambia we huna adabu kwenu, mwingine eti nipige jeki upande wa pili ili huku kuiname, nikajikuta kweli naitafuta jeki! Na mama katulia tu, mkoba kifuani, anaangalia mbali kama yule wanayemjadili ni mtu mwingine.

Mwisho akaja kuli na toroli lake. Akaliegesha mlangoni, wapiga debe wawili wakalishika lisitembee, mama akapanda kwenye toroli, toka kwenye toroli akaingia kwenye gari, watu wakapiga makofi. Nikamuuliza kuli shilingi ngapi, akasema elfu 2, mzigo wenyewe mzito. KWA SAUTI. Nililipa sikudai hata chenji ya elfu 5.

Tumetembea kimya mpaka Kimara, nikawa namshukuru Mungu, ndo akafungua mdomo. "Baba Neema, hii gari si ilikuwa fupi?" Nikamwambia mama nimeinyanyua kwa ajili ya barabara. Akasema mh. Baadaye kidogo, "Mkwe wangu mwingine ana IST. Mtu unaingia kama unakaa kwenye mkeka."

Sasa mimi ndo nimechimba yale mashimo? Nimelala kifudifudi kwenye oili siku nzima ili wanangu wasiwe wanashuka kusukuma gari na yunifomu, halafu naambiwa IST! IST hiyo hiyo tuliivuta kwa kamba Pasaka, na kamba yangu, mpaka leo sijarudishiwa.

Tulivyofika nyumbani kushuka nako ikawa kesi, kitu kifupi kilichokuwepo ni mbuzi ya nazi, mama Neema akaufunga ule ulimi kwa taulo langu mimi, mama akakanyaga, akashuka vizuri tu. Tangu hapo haiondoki garini, eti anaweza kutaka kutoka ghafla. Na hajatoka. Jirani ndo anaitumia, na leo kaniambia inayumba, niigongelee msumari.