Kigari cha Mtoto Nacho Kifungwe

Siku hizi vigari vya watoto vimekuwa vitu vya kawaida Mjini Unguja, hasa jioni pale Forodhani, na vingi hufika huko vikiwa ndani ya buti la gari. Kuhusu mtoto mwenyewe kufungwa mkanda angalau tumeanza kuambiana, lakini kigari chake, pamoja na vyuma na magurudumu yake, hukunjwa, kikasukumwa nyuma, mlango ukabamizwa na safari ikaanza. Kwa maoni yangu kigari hicho ni mzigo kama mizigo mingine, na kinastahili kutengenezewa mahali pake maalumu pa kufungwa.

Hesabu yake si ngumu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, kigari cha kilo 10 kitahitaji kuzuiwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 140 hivi, yaani karibu mifuko mitatu ya saruji. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati ya kugonga huongezeka mara nne.

Ukuta wa kwanza wa kukizuia tayari tunao, nao ni mgongo wa kiti cha nyuma. Kanuni ya 17 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu uimara wa viti vya magari, huipima migongo hiyo kwa kuigongesha vitu viwili vya kilo 18 kila kimoja, kwa mwendo wa kilomita 50 hivi kwa saa. Kwa hiyo kigari kilazwe chini kabisa, kiuguse mgongo wa kiti, kisiachiwe nafasi ya kushika kasi. Tabu inaanzia kwenye magari tuliyo nayo. Buti la Toyota IST ni fupi, na wengi hulaza nusu ya kiti cha nyuma ili kigari kiingie, kumbe wameubomoa ukuta ubavuni mwa pale anapokaa mtoto. Kwenye Noah viti vya mwisho hukunjwa pembeni, na kigari hubaki katikati ya uwazi mkubwa, nyuma ya vichwa vya watu.

Ndiyo maana natamani mafundi wetu wabuni mikanda miwili tu, inayopita juu ya kigari kwa mkato na kushikwa kwenye pete nne za chuma zilizofungwa kwa bolti kwenye bati la sakafu, si kwenye plastiki ya pembeni. Pete ziwe nne kwa sababu ya matuta: ukitoka Bububu kuelekea Mkokotoni utayapanda mengi, na kila tuta hukirusha kigari juu, kwa hiyo mkanda unaozuia mbele peke yake hautoshi. Ile mipira ya tyubu tunayofungia magunia kwenye keria haifai hapa, maana huvutika, na mzigo hupata mwendo kabla haujashikwa. Mkanda wa usalama uliotolewa kwenye gari lililopata ajali nao tusiutumie, kwani nyuzi zake huenda zimeshavutika ingawa kwa macho unaonekana mzima. (Vitu vya kapuni, kama chupa ya maziwa na mwamvuli, vitolewe kwanza, mkanda hauvishiki hivyo.)

Kifungio chake kiwe cha kubonyeza kwa mkono mmoja, kwa sababu mkono wa pili wa mama una mtoto. Wazo lolote litakalomtaka amlaze mtoto kwanza ndipo afungue, litaachwa baada ya wiki moja.

Fundi akimaliza kazi, mwenye gari na aijaribu mahali patupu bila ya abiria nyuma: akanyage breki kwa nguvu, kisha ateremke aangalie kigari kimesogea kiasi gani. Breki haifikii nguvu ya kugonga hata kidogo, kwa hiyo kikiwa kimesogea hapo, kazi hiyo irudishwe kwa fundi kabla hajalipwa.