Mhakiki, na Diski Je?

Filamu ya kutisha ya bajeti ndogo imetoka kwenye Blu-ray, diski ya video ya ubora wa juu. Unafungua uhakiki, unasimuliwa kisa chote mpaka nani kachinjwa wa mwisho. Na diski je? Kimya! Nusu ya filamu ni giza: weusi ni weusi kweli, au vipande vya kijivu vinatambaa kama siafu? Vipande hivyo ndiyo matokeo ya kubana filamu mbili na nyongeza kibao kwenye diski ya GB 25 badala ya 50. Toleo la Uingereza la ukanda B (yaani eneo la dunia ambako diski imeruhusiwa kuchezwa) likigoma kwenye deki ya Marekani ya ukanda A, nani aturudishie hela, jamani? Sauti ni 5.1, ya spika sita zinazokuzunguka, au stirio ya spika mbili tu? Manukuu yapo? Hasemi. Nyota tano katoa. Eti kasha linang'aa!