Tarehe 17 Januari haiwatoshi wote

Kila tarehe 17 Januari, kabla sijanywa chai, simu huwa imeshalia. Ni ile orodha ya "siku kama ya leo" inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya familia. 1706, amezaliwa Benjamin Franklin. 1942, amezaliwa Muhammad Ali. 1961, ameuawa Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo. 1991, Marekani na washirika wake wameanza kuipiga Iraki kwa mabomu. 1995, tetemeko la Kobe, Japani. 2002, volkano ya Nyiragongo imelipuka, Goma. Mistari sita, na chini yake dole gumba la mjomba wa Bukavu.

Mpwa wangu anafundisha historia hapa Goma, na orodha hizi zinamkera. Anasema zinaigeuza historia kuwa kama soko la Birere jioni: kila kitu kimelazwa kando ya kila kitu, mchele na betri na viatu, na wewe ujue mwenyewe kipi ni cha nani. Ali na Lumumba wamekutana wapi? Tena kwa Mkongomani tarehe ya Ali ni nyingine kabisa, ni 30 Oktoba 1974, Kinshasa, raundi ya 8, George Foreman chini na uwanja mzima ukiimba "Ali, boma ye", yaani Ali, muue. Orodha ya Januari inamsifu mtu kwa siku aliyotoka tumboni, kazi ambayo aliifanya mama yake.

Ana hoja, na mimi ningeiacha hapo kama si ule mstari wa tatu.

Jioni ya tarehe hiyo mwaka 1961, siku ya Jumanne, ndege ya DC-4 iliwashusha Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito katika uwanja wa Luano, Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Walikuwa wamefungwa na wamepigwa njia nzima. Usiku uleule wakapelekwa porini, Shilatembo, wakapigwa risasi mmoja baada ya mwingine, viongozi wa Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga, na maafisa wa Kibelgiji wakiwa hapo. Kisha kimya. Mpaka tarehe 13 Februari ndipo waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, Godefroid Munongo, alipojitokeza kusema kwamba wafungwa walitoroka na kuuawa na wanakijiji, na kijiji chenyewe hakutaka kukitaja. Miili ilikuwa imekwisha kufukuliwa na kuyeyushwa kwa asidi, pasipatikane hata kaburi.

Kama neno la Munongo lingesimama, leo tungekuwa tunaomboleza mwezi wa pili, na lawama ingekuwa juu ya wakulima wasio na majina. Kwa hiyo 17 Januari haikuokotwa kwenye kalenda. Ilitafutwa na mashahidi, waandishi na watafiti, mpaka bunge la Ubelgiji lenyewe likaunda tume ambayo mwaka 2001 ilikiri kwamba nchi yao ilikuwa na lawama ya kimaadili. Anayeitamka tarehe hii, hata kwa kuibonyeza tu kwenye simu, anakanusha uongo bila kujua. Hapo mpwa wangu hunyamaza kidogo.

Kidogo tu, maana anarudi na Okito na Mpolo. Okito alikuwa makamu wa rais wa Seneti, Mpolo alikuwa waziri wa vijana na michezo. Walikufa saa ileile, kwenye mti uleule, na orodha haiwajui. Jino lililobaki la Lumumba lilirudishwa na Ubelgiji Juni 2022, likazungushwa nchini na kuzikwa Kinshasa. Wenzake hawana hata jino. Serikali nayo imeongeza utata wake: tarehe 16 ni ferie, yaani sikukuu, ya rais Laurent-Désiré Kabila, aliyepigwa risasi mwaka 2001 (Jumanne pia, na kifo kikathibitishwa tarehe 18), na kesho yake ni ferie ya Lumumba. Siku mbili za kufunga shule zimefuatana, basi wanafunzi wanazisoma kama hadithi moja. Wapo watu wazima wanaokuapia kwamba miaka 40 kasoro siku moja haiwezi kuwa bahati tu. Kalenda ikiwaweka watu jirani, sisi tunawaozesha.

Nyiragongo, kwa upande wake, mimi nampa mpwa wangu ushindi wote. Alhamisi ile ya 2002 lava iliingia mjini, ikafunika sehemu ya njia ya ndege, ikapita katikati ya mji mpaka ziwani, na watu kwa mamia ya maelfu wakavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda. Lakini watu makumi kadhaa waliungua tarehe 21, kituo cha mafuta kilipolipuka wakiwa wanachota humo. Hao si wafu wa tarehe 17. Na mlima haujui Januari: 1977 ulikuja tarehe 10 Januari, 2021 ukaja Jumamosi usiku, tarehe 22 Mei. Mauaji yana mwenye kuyafanya, ndiyo maana siku na saa ni ushahidi. Mlima huupeleki mahakamani. Ukiukumbuka siku moja kwa mwaka, utakukuta siku nyingine umelala. (Tarehe 27 Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini, kila nyumba hapa inayo yake, sitaiingiza katika orodha ya mtu.)

Jirani yangu, mama anayeuza samaki, ukuta wa uwanja wake ameujenga kwa makoro, yale mawe meusi ya lava ya mwaka ule. Ukiuegemea, shati linachanika. Alijifungua ukimbizini Gisenyi. Nilimwuliza kama mwanawe alizaliwa siku ya volkano, maana kitambulisho cha kijana kinasema 17 Januari 2002 na yeye mwenyewe hujisifia hivyo.

"Ni karani, papa," aliniambia, huku akipepeta sambaza kwenye ungo. "Niliwaambia ni Jumamosi, Alhamisi nilikuwa bado natembea naye tumboni. Akasema tuandike siku ya volkano, hautaisahau."

"Na sherehe mnafanya lini?"

"Tarehe 17 anakula na rafiki zake. Tarehe 19 ninamkaangia hizi, tunakula sisi wawili."