Bunduki Nzuri ya Zamani Ipigwe

Wapo watu wenye bunduki za marisau, zile zinazotoa vipira vidogo vingi kwa mpigo mmoja, za karne iliyopita, kazi safi ya mafundi wa London au Birmingham, ambao hawajawahi kuzipiga hata mara moja. Zinakaa ndani ya kabati la chuma, hutolewa mgeni akija, hupanguswa alama za vidole, kisha hurudishwa. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa zitashuka bei. Mimi naona huko ni kumiliki nusu ya kitu, tena ile nusu isiyo na utamu.

Chukua bunduki ya Purdey, kampuni ya mafundi wa London, yenye mitutu miwili. Mwaka 1880 fundi Frederick Beesley alibuni mtambo ambao springi zake hubaki na nguvu ya akiba: ukisukuma wenzo wa juu, mitutu inashuka yenyewe, tayari kwa risasi nyingine. Kampuni ya Purdey ilinunua ubunifu huo na bado inautumia. Sasa niambie, mtambo wa namna hiyo unaufaidije ukiwa nyuma ya kioo? Nakshi za maua utaziona hata kwenye picha. Lakini namna bunduki ya kilo tatu inavyopanda begani, uzito wake ukikaa katikati ya mikono miwili, mdomo ukimfuata ndege bila kulazimishwa, hayo huyajui mpaka uipige.

Na huko kuhifadhi kwenyewe kuna madhara yake. Watu huzimiminia mafuta mengi, wakazisimamisha kwa kitako miaka na miaka. Mafuta hushuka taratibu mpaka kwenye mti wa jozi pale unapokutana na chuma, mti unakuwa mweusi, unalainika, na siku ya kwanza ya kupiga unapasuka. Begi la ngozi nalo hushika unyevu, na kutu haingoji ruhusa ya mtu. Bunduki inayopigwa hufunguliwa na kusafishwa mara kwa mara, kwa hiyo ugonjwa wake hujulikana mapema.

Kuhusu bei, kuna mfano naupenda. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alipewa bunduki ya kampuni ya A. H. Fox, akaenda nayo kuwinda Afrika Mashariki mwaka 1909. Mwaka 2010 iliuzwa mnadani kwa dola 862,500. Najua, jina la mwenyewe ndilo lililopandisha bei kuliko chuma. Hata hivyo, hakuna mnunuzi aliyelalamika kwamba imetembea sana. Safari ile ni sehemu ya thamani yake.

Ila kupiga si kuokota risasi yoyote na kuisokomeza. Hapa sina mzaha. Bunduki nyingi za zamani za Uingereza zina chemba, yaani mahali risasi inapokaa, ya milimita 65, na risasi nyingi za leo ni za milimita 70. Risasi hiyo ndefu itaingia vizuri tu, nawe utadhani mambo yako sawa, kumbe ganda lake likifunguka linabana njia na shinikizo linapanda. Marisau ya chuma pia usiyaguse, ni magumu kwa mitutu hiyo. Tumia ya madini ya risasi inaporuhusiwa, au ya bismathi, metali iliyo laini kuliko chuma. Mitutu ya Damasko, ile iliyosokotwa kwa vipande vya chuma na pua kisha ikafuliwa pamoja, inaogopwa kupita kiasi. Mingine imepimwa na kupigwa mhuri kwa baruti ya kisasa. Mingine ilipimwa kwa baruti nyeusi tu. Mhuri utakuambia ilivyokuwa siku ile ya kupimwa, lakini unene wa kuta za mtutu leo anaujua fundi mwenye kipimo. Mpe kwanza, ndipo uende shambani.

Ziko chache ambazo ningeziacha. Ile ambayo fundi amekuta mtutu wake umekwisha wembamba haina mjadala. Na ile ambayo haijapigwa tangu itoke karakana­ni, ikiwa bado na sanduku na vifaa vyake vyote, hiyo ni ushahidi wa historia, iende makumbusho. Ya kwako yenye mikwaruzo kitakoni, ambayo rangi imeshafifia pale mikono ya wenyewe wa zamani ilipokuwa ikishika, haimo katika kundi hilo. Ipeleke kwa fundi kabla msimu haujaanza.