Marmoti wa Vancouver hakuwa na pengine pa kulelewa

Juzi barazani Mji wa Kale, tukinywa kahawa chungu, nilimsimulia mzee mmoja habari za marmoti wa kisiwa cha Vancouver, Kanada. Ni mgugunaji wa jamaa ya kindi, ukubwa wake wa paka, manyoya rangi ya chokoleti, na haishi popote duniani ila milima ya kisiwa hicho. Mwaka 2003 walibaki porini chini ya 30. Mzee akaweka kikombe chini: "Mwanangu, mnyama wa mlimani anafugwa kizimbani? Si wangeuacha msitu umlee?"

Swali hilo lina uzito. Ufugaji ulioanza 1997, katika bustani za wanyama kama za Toronto na Calgary, ni ghali, na waliozaliwa humo wakiachiwa mlimani hufa kwa wingi zaidi kuliko wenzao wa porini.

Lakini msitu wenyewe ndio uliogeuka mtego. Marmoti hukaa juu, kwenye majani, miti ilipokoma. Kijana akikomaa hushuka, akapita msituni kutafuta mlima mwingine na mwenza. Wakata magogo walipofyeka miteremko, alikuta njiani uwanda wazi wenye majani mabichi, akadhani amefika. Akachimba shimo, akazaa, na miaka ya 1980 idadi ikapanda. Kisha miche ikaota, puma, yule paka mkubwa wa Amerika, na mbwa mwitu wakapata pa kujibanza, na barabara za magogo zikawarahisishia njia. Na milima ya mbali? Ilingoja vijana ambao hawakufika, koo zake zikazimika moja baada ya nyingine. Kila nikifikiria jambo hili huniuma: mnyama aliponzwa na kile kile alichokuwa akikitafuta.

Hapo hakuna wa kujikwamua peke yake. Marmoti hulala karibu miezi 7 ya mwaka. Jike huzaa mara ya kwanza akiwa na miaka 3 au 4, na mara nyingi hupisha mwaka mzima kabla ya kuzaa tena. Kwa mwendo huo, puma mmoja aweza kumaliza ukoo wa mlima mzima kiangazi kimoja. Kuwaacha wale wachache kulikuwa kuwasindikiza kaburini.

Hata vile vifo vya waliofugwa vilipunguzwa. Baadhi waliachiwa kwanza mlima wa Mount Washington, kisiwani humo, wakaonja baridi ya huko, ndipo wakahamishiwa hifadhi ya Strathcona, na waliopitia njia hiyo waliishi vizuri zaidi. Mwaka 2024 walihesabiwa porini zaidi ya 300.

Mzee nampa haki yake: kuzalisha bila kutunza milima na njia za kuifikia ni kutia maji kwenye pakacha. Na hapa kwetu, sange mwenye kiuno cha dhahabu, mnyama mdogo wa pua ndefu, wa Arabuko-Sokoke, kule Kilifi, bado ana msitu wake. Huyo hahitaji kizimba. Anahitaji mitego ya kamba iondolewe na miti yake iachwe isimame.